Kadi mbili za mtandao, mashine moja: jibu linatokea mlango gani?

Haya jamani, mliosimama nyuma sogeeni, viti vya mbele vipo. Leo tunaongelea kompyuta moja yenye kadi za mtandao mbili au zaidi, na kabla mtu hajasema hiyo hainihusu mimi nina laptopu tu, laptopu yako ina tundu la waya na ina waifai, hizo tayari mbili, ukiwasha VPN inazaliwa ya tatu, mara nyingi utaiona inaitwa tun0 au wg0, ukiweka Docker, programu ya kuendesha kontena, inazaliwa docker0, ukiweka programu ya mashine pepe zinazaliwa nyingine huko chini wala huzioni. Kwa hiyo humu ndani sidhani kama kuna mtu mwenye kadi moja. Tofauti ni kwamba wengine zimeshawasumbua, wengine bado hazijawasumbua.

Mtu akiongeza kadi ya pili huwa anawaza hivi: hii ya kwanza ni ya intaneti, hii ya pili ni ya mtandao wa ndani, nimemaliza. Kichwani mwako zimegawana kazi vizuri kabisa. Ndani ya kompyuta hakuna mgao wowote. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, ikitaka kutuma pakiti, kipande cha data, haiulizi hii ni ya kazi gani, haiulizi imetumwa na programu gani, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama, haiulizi hata ombi lenyewe liliingilia kadi ipi. Inaangalia anuani ambako pakiti inaenda, inafungua jedwali la rauti, yaani orodha ya njia za kutokea, inatafuta mstari unaofaa zaidi, inatoa. Basi. Kwa hiyo swali la "nimeseti kadi ya pili vipi haifanyi kazi" karibu kila mara sio swali la kadi, kadi iko sawa, taa inawaka, IP ipo. Swali ni la kutoka. Kuingia kila mtu anajua, kutoka ndio shughuli.

Tuliangalie hilo jedwali. Kwenye Linux unaandika ip route, Windows unaandika route print, macOS ni netstat -rn. Hii hapa ni laptopu yenye waya na waifai kwa pamoja:

default via 10.20.1.1 dev enp3s0 proto dhcp metric 100
default via 192.168.1.1 dev wlp2s0 proto dhcp metric 600
10.20.1.0/24 dev enp3s0 proto kernel scope link src 10.20.1.57 metric 100
192.168.1.0/24 dev wlp2s0 proto kernel scope link src 192.168.1.20 metric 600

Mistari miwili ya chini hiyo imejiandika yenyewe, ukiipa kadi IP na maski, kipimo cha upana wa mtandao, kerneli inajua majirani wa hapo wanafikiwa moja kwa moja bila rauta. Mistari miwili ya juu ndiyo yenye ugomvi, maana kila DHCP, huduma inayogawa IP, imekuja na getwei yake, yaani rauta ya kutokea nje, na zote mbili zinasema "kama hujui pa kwenda niletee mimi". Mafahali wawili zizi moja.

Kanuni ya kwanza, mstari wenye anuani nyembamba zaidi, yaani namba baada ya mkwaju ikiwa kubwa zaidi, unashinda. Pakiti ya kwenda 10.20.1.9 inakutana na default, ambayo ni /0, yaani dunia nzima, halafu inakutana na 10.20.1.0/24, hii ya /24 ndiyo inachukua hata kama metriki ya default, ile namba ya kipaumbele mwisho wa mstari, ni ndogo kiasi gani. Metriki inaangaliwa pale tu mistari miwili ina upana uleule. Watu wengi wanachanganya hapa, wanahangaika kushusha metriki wakati tatizo ni upana. Wale wa OpenVPN waliitumia kanuni hii kijanja sana, ukiwaambia trafiki yote ipite kwao kwa chaguo la redirect-gateway def1 hawagusi default yako kabisa, wanaongeza mistari miwili, 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1, nusu ya dunia na nusu nyingine, na kwa kuwa /1 ni nyembamba kuliko /0 wameshachukua kila kitu, ukizima VPN mistari miwili inafutika na default yako iko palepale ilipokuwa. Mimi hii naipenda mpaka leo.

Kanuni ya pili ndio hiyo metriki, upana ukilingana namba ndogo inashinda. NetworkManager, programu ya Linux inayosimamia mitandao, kwa kawaida inaupa waya 100 na waifai 600, Windows inakadiria yenyewe kutokana na kasi ya kadi isipokuwa ukiizima hiyo otomatiki, macOS inafuata mpangilio wa huduma ulioupanga kwenye setingi, ya juu ndiyo ya kwanza. Kote huko kwa kawaida wazo ni moja, waya unaaminiwa kuliko hewa.

Sasa hapo ndipo inapotokea ile kesi ambayo nina hakika nusu yenu mmeiona. Uko kwenye waifai intaneti inapiga vizuri, unachomeka waya kwenda kwenye swichi ya kazini yenye kamera, au printa, au mashine za kiwandani, huo mtandao hauna intaneti lakini una DHCP na DHCP inagawa getwei kwa kila anayepita. Dakika hiyohiyo intaneti inakufa. Alama ya waifai imejaa, umeunganishwa, hakuna ukurasa unaofunguka. Mtu anazima waifai anawasha, anazima rauta, anapiga simu kwa mtoa huduma, na dawa ilikuwa kwenye ule mstari wa kwanza wenye 100, trafiki yote inapelekwa kwa 10.20.1.1 ambayo haina pa kuipeleka.

Dawa yake sio kuchomoa waya. Unaiambia kadi ya waya kwamba usiwe default milele:

nmcli con mod kazi ipv4.never-default yes
nmcli con up kazi

"kazi" hapo ni jina la muunganisho wako, lako linaweza kuwa lolote, angalia kwa nmcli con. Kwenye Windows njia rahisi ni kuipa kadi hiyo IP ya mkono na sehemu ya getwei unaiacha wazi, tupu, usijaze kitu. Najua mkono unawasha ukiona kiboksi hakina kitu, kiache. Windows yenyewe ukijaza getwei ya pili kwa mkono inakutolea onyo kwamba getwei nyingi ni kwa ajili ya akiba kwenye mtandao mmoja, sio kwa mitandao miwili isiyokutana, na watu wanabonyeza ndiyo bila kusoma.

Lakini ngoja, hujamaliza. Kama huko kazini kuna sabneti, yaani kipande cha mtandao, moja tu sawa, majirani unawafikia. Kama kuna nyingine nyuma ya rauta, tuseme 10.20.5.0 na 10.20.9.0, ukishaondoa getwei hizo huzifikii tena, kwa hiyo unaandika rauti ya kudumu inayosema vitu vyote vya 10.20 vipitie huku:

nmcli con mod kazi +ipv4.routes "10.20.0.0/16 10.20.1.1"

na Windows ni

route -p add 10.20.0.0 mask 255.255.0.0 10.20.1.1

Hiyo -p usiisahau, bila hiyo ukiwasha mashine upya rauti imepotea na kesho utasema kompyuta ina mashetani. Hivi ndivyo ninavyoshauri kwa karibu kila mtu: getwei moja tu ya default kwenye mashine nzima, mitandao mingine yote iandikie rauti zake kwa majina yake. Ukifuata hili tu umeshaepuka kesi nyingi mno.

Kuna ndugu hapo anauliza, je nikiziacha default mbili zenye metriki tofauti si ya pili inakuwa akiba, ya kwanza ikifa inashika? Swali zuri, na jibu ni inategemea imekufaje. Waya ukichomoka NetworkManager inaifuta rauti na ya pili inashika, hapo uko sahihi. Lakini intaneti huwa haifi kwa waya kuchomoka. Inafia mbele huko, rauta yako iko hai, inajibu ping, taa zote kijani, ila mtoa huduma ameanguka. Kerneli haijui hilo, itaendelea kumwaga pakiti kwenye njia iliyokufa mpaka asubuhi. Lazima kuwe na kitu cha juu kinachojaribu kufika nje kabisa, NetworkManager ina ukaguzi wa namna hiyo, ukiwa umewashwa na ikaona kadi haifiki nje inaiongezea metriki 20000, ndio maana siku nyingine unakuta default imeandikwa 20100 unashangaa imetoka wapi. Kama hauna ukaguzi wowote, andika skripti yako mwenyewe inayopiga ping nje kupitia kila kadi, ping -I enp3s0 halafu anuani, lakini usijidanganye kwamba metriki peke yake ni akiba.

Sasa tuingie kwenye yenyewe. Seva. Ina kadi mbili, kila kadi ina mtoa huduma wake na IP ya umma. Nitatumia anuani za mifano, kadi enp3s0 ina 203.0.113.10 getwei yake 203.0.113.1, kadi enp4s0 ina 198.51.100.20 getwei 198.51.100.1. Default inapita enp3s0. Mtu wa nje akiingia kwa ile 203 anapata tovuti. Akiingia kwa 198 hapati kitu, inazunguka mpaka inachoka. Umeangalia faiawoli, wazi. Umeangalia programu, inasikiliza kote. Umempigia mtoa huduma wa pili anasema kwetu iko safi. Na kweli kwake iko safi.

Hapa usibahatishe, fungua terminali mbili na uweke tcpdump, inayoonyesha pakiti zinazopita, kwenye kila kadi:

tcpdump -ni enp4s0 port 443
tcpdump -ni enp3s0 port 443

Halafu mtu wa nje ajaribu tena. Utaona kwenye enp4s0 ombi linaingia, SYN, SYN, SYN, yaani hodi ya kuanza muunganisho, linarudiwa rudiwa na hakuna jibu. Ukigeukia ile ya enp3s0 ndio unacheka, majibu yako hapo, yanatoka kwa kadi isiyo yake, yamebeba anuani ya 198.51.100.20 kama mtumaji lakini yanapita kwa mtoa huduma wa 203. Kerneli imefanya kilekile nilichosema mwanzo, mteja yuko mbali, anuani yake haiko kwenye sabneti yoyote ninayoijua, basi default, na default ni enp3s0. Na mtoa huduma wa kwanza akiona pakiti kutoka kwako yenye anuani ambayo hakukupa yeye, anaitupa, na ana haki kabisa, kuzuia anuani za kubumba ni ushauri uliokuwepo tangu mwaka 2000 kwenye RFC 2827, moja ya hati za mtandao wa intaneti. Kwa hiyo hakuna aliyekosea, kila mmoja amefanya kazi yake na tovuti haifunguki.

Inaweza ikawa mbaya zaidi, hata hilo jibu usilione. Linux ina kitu kinaitwa rp_filter, ukikiweka 1 kerneli inajiuliza kila pakiti inapoingia, kama ningetaka kumjibu huyu ningetumia kadi hii? Kama hapana, inaitupa kimyakimya. tcpdump itakuonyesha imeingia, maana tcpdump inaona kabla ya hapo, lakini programu haitaiona kamwe. Ukiwasha log_martians kerneli inaandika kwenye logi "martian source", kiumbe kutoka Mars, wale jamaa walikuwa na utani wao. Mifumo mingine inakuja na 1, mingine na 2 ambayo ni legevu, inakubali ilimradi mtumaji anafikika kwa kadi yoyote ile. Na angalizo, thamani inayotumika ni ile kubwa kati ya ya "all" na ya kadi husika, kwa hiyo ukiweka 0 kwenye kadi wakati all ni 1, hujabadilisha kitu. Kuna ushauri unazunguka sana wa kuweka 0 kila mahali. Siukubali. Umeondoa mlinzi na jibu bado linatoka mlango usio wake.

Dawa halisi ni kuipa kerneli sababu ya kuangalia anuani ya mtumaji, sio ya mpokeaji peke yake. Linux inaweza hivyo tangu kerneli 2.2 ya mwaka 1999, na bado kuna watu wanaendesha seva za kadi mbili hawajawahi kuigusa. Unatengeneza jedwali la pili, namba yoyote isiyo ya wenyewe, 253, 254 na 255 zina wenyewe, tuchukue 200:

ip route add 198.51.100.0/24 dev enp4s0 src 198.51.100.20 table 200
ip route add default via 198.51.100.1 dev enp4s0 table 200
ip rule add from 198.51.100.20 table 200

Mstari wa tatu ndio roho ya kila kitu. Unasema pakiti yoyote inayotoka ikiwa na anuani ya 198.51.100.20 isiende kwenye jedwali la kawaida, ikasome jedwali la 200, na kwenye jedwali la 200 default ni ya mtoa huduma wa pili. Jibu la TCP linabeba anuani ileile ambayo ombi liliijia, kwa hiyo sheria hii inalikamata na kulirudisha mlango lilioingilia. Ukiandika ip rule utaziona zimepangwa kwa namba, 0 ni local, 32766 ni main, 32767 ni default, na yako imekaa 32765, yaani inasomwa kabla ya main. Wengine wanaishia kutengeneza jedwali kwa kadi ya pili tu, mimi natengeneza kwa zote mbili, la 100 kwa ya kwanza, la 200 kwa ya pili, maana siku default ikihamishwa upande wa pili yule wa kwanza naye anaanza kulia vilevile.

Na hakikisha kabla hujamwita mtu wa nje ajaribu:

ip route get 8.8.8.8
ip route get 8.8.8.8 from 198.51.100.20

Ya kwanza ikuambie dev enp3s0, ya pili ikuambie dev enp4s0. Zikijibu sawa zote mbili, sheria haijashika. Hii ip route get ni amri ambayo ningeiweka juu ya zote, haitumi pakiti yoyote, inaiuliza kerneli tu ungefanyaje, nayo inakujibu kadi gani, getwei gani, anuani gani ya mtumaji. Mtu akiniletea tatizo la kadi mbili bila hayo majibu mawili namrudisha akayalete kwanza.

Kitu kingine kidogo hapo, hizo amri za ip zinaishi mpaka mashine izimwe, baada ya hapo hakuna kitu. Ukishaona zinafanya kazi zihamishie kwenye faili la setingi la mfumo wako, netplan wana sehemu yake ya routing-policy, NetworkManager wana ipv4.routing-rules, systemd-networkd nao wana yao.

Watu wa Windows msinune, kwenu hili linauma kidogo tu. Yale maneno yangu ya mwanzo kwamba mfumo haujali kadi ni ya Linux zaidi. RFC 1122 ya mwaka 1989 ilieleza mitindo miwili, mmoja mkali, kwamba anuani ni mali ya kadi na pakiti yake itoke kwa kadi hiyo, na mwingine legevu, kwamba anuani ni mali ya mashine nzima. Windows kuanzia Vista iko kwenye ule mkali, Linux iko kwenye legevu mpaka leo.

Na huo ulegevu ndio unaoleta kioja kingine, kadi mbili kwenye sabneti moja. Mtu ana swichi moja, ana kadi mbili, anazichomeka zote, moja anaipa 192.168.1.20 nyingine 192.168.1.21, anasema nimepata kasi mara mbili. Hujapata. Mistari miwili ya 192.168.1.0/24 kwenye jedwali, mmoja unashinda, trafiki yote ya kutoka inapita hapo, kadi ya pili inapambwa tu na taa. Mbaya zaidi ni ARP, ile njia ya kuulizana IP hii ni ya MAC gani, MAC ikiwa anuani ya kadi yenyewe, jirani akiuliza nani mwenye .21, kwa kuwa Linux inaona .21 ni ya mashine nzima, kadi zote mbili zinajibu kila moja kwa MAC yake, jirani anashika ya aliyewahi, kesho anashika nyingine, na wewe unaona mtandao unakatika unarudi bila sababu. Zipo namba za kutuliza, arp_ignore unaweka 1, arp_announce unaweka 2, lakini kwa maoni yangu kama unazihitaji hizo ujue umeshakosea mpango mapema. Kama unataka kadi mbili kwenye swichi moja zifanye kazi moja, ziunganishe ziwe kadi moja, bond0, IP moja. Aina ya active-backup haihitaji kitu chochote kwenye swichi, moja inafanya kazi nyingine inasubiri. Aina ya 802.3ad inahitaji swichi inayoelewa LACP, lugha ya kuunganisha nyaya ziwe moja, na iwe imesetiwa upande wake pia. Na hata hapo faili moja unalokopi kwa muunganisho mmoja halitazidi kasi ya waya mmoja, linachaguliwa waya na linabaki hapohapo, faida unaiona wateja wakiwa wengi.

DNS nayo. Kila kadi inakuja na seva zake za majina, na mtu anafikiri zikiwa mbili kompyuta itauliza ya kwanza, ikikosa itauliza ya pili. Sivyo. Ya pili inaulizwa kama ya kwanza haijajibu kabisa. Ikijibu "jina hilo halipo", hilo ni jibu halali na safari imeishia hapo. Ndio maana kwenye mashine yenye intaneti na mtandao wa ndani unakuta jina la seva ya ndani linapatikana leo, kesho halipatikani, kutegemea kadi gani iliamka mwisho na kuandika juu ya faili. Kama unatumia systemd-resolved ipe kila kadi majina yake, turudi kwenye ile laptopu ya mwanzo:

resolvectl dns enp3s0 10.20.1.5
resolvectl domain enp3s0 '~kazi.internal'

Hapo majina yanayoishia na kazi.internal yanaulizwa upande wa ndani, mengine yanaenda zake. Usipofanya hivi utakuja kuilaumu rauti bure wakati kosa ni jina, kwa hiyo kila ukikwama jaribu kwa IP kwanza, ikifika kwa IP na haifiki kwa jina acha kuchokonoa metriki.

Kuna mawili ya usalama nayapitia haraka. Programu inayosikiliza kwenye 0.0.0.0 inasikiliza kadi zote, pamoja na ile uliyoongeza jana, kwa hiyo kabla hujachomeka kadi inayotazama nje piga ss -tlnp uone nini kinasikiliza wapi, kanzidata yako haina sababu ya kusikiliza kwenye kadi ya umma. La pili ni ip_forward. Kwa kawaida iko 0, maana yake mashine haipitishi pakiti za watu kutoka kadi moja kwenda nyingine, na inatakiwa ibaki hivyo kama mashine yako sio rauta. Ila programu za kontena na mashine pepe zinaiwasha zenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo mitandao miwili uliyoitenganisha kwa pesa na jasho inaweza ikakuta imepata daraja kupitia kompyuta yako, na kilichobaki ni sheria za faiawoli tu. Kaangalie. Na hapohapo kwenye Docker, yenyewe inapenda kuchukua 172.17.0.0/16, kama mtandao wenu wa ndani unatumia hizo namba, kuna seva hutazifikia kamwe kutoka kwenye mashine hiyo na kadi haina kosa lolote.

Majina ya kadi sitayakalia sana. Zamani eth0 na eth1 zilitegemea nani amewahi kuonwa na kerneli wakati wa kuwaka, unawasha upya zimebadilishana. Kuanzia 2013 systemd ikaleta majina ya mahali, enp3s0 ni ethaneti, basi ya PCI ya 3, nafasi ya 0. Ni bora, ila ukipachika kadi mpya namba za PCI zinaweza kusogea na enp3s0 ikawa enp4s0, kwa hiyo kwenye seva muhimu funga jina kwa MAC na ubandike karatasi nyuma ya mashine, kadi ipi ni ipi. ethtool -p enp3s0 inapepesa taa ya kadi kama una shaka, sio kadi zote zinakubali ila nyingi zinakubali.

Swali la mwisho, dada pale. Anauliza seva iko mbali, anaingia kwa SSH, haya yote anayafanyaje bila kujifungia nje. Kama ni netplan tumia netplan try badala ya apply, inasubiri sekunde 120 uthibitishe, usipothibitisha inarudisha setingi za zamani, ukijikata unakaa dakika mbili unaingia tena. Kama sio netplan, kabla hujagusa kitu panga mashine ijiwashe upya baada ya dakika 10, shutdown -r +10, halafu fanya mabadiliko kwa amri za ip ambazo hazidumu, ikiwa salama unafuta kwa shutdown -c, ikiwa mbaya mashine inajiwasha na setingi za zamani. Na ongeza ip rule ya anuani unayoingilia kwanza kabla ya kugusa default, ili muunganisho wako wa SSH uwe na njia yake wakati unahamisha mengine. Ukifanya kinyume chake utaandika amri ya kwanza, skrini itaganda, na ya pili hutaiandika.